Nchi Iliyopangusa Waya Wake

Niliingia Mizania siku ambayo Waya ulikuwa unarudi kutoka ng'ambo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeniuliza pasipoti. Wote, kuanzia ofisa wa mpakani hadi muuza mahindi ya kuchoma, walikuwa wamejipanga kando ya barabara, kofia mkononi. Gari jeusi likapita polepole. Kwenye kiti cha nyuma, ukiwa umefungwa mkanda kama abiria, ndani ya sanduku la fedha lisilozidi redio ndogo, Waya wa Taifa ulikuwa umekaa peke yake. Mawaziri walikuwa wakikimbia nyuma ya gari kwa miguu.

Sitanii. Naandika nilichokiona, na wanaonijua wanajua kwamba kusahau si tabia yangu. Mimi ni fundi niliyejifunza umeme kwa kufungua redio zilizotupwa jalalani. Namkumbuka ofisa aliyeikataa stabilaiza yangu ya kwanza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, kule kwetu. Nakumbuka rangi ya tai yake. Nakumbuka alivyoisukuma kando kwa ncha ya kalamu, asiiguse kwa kidole, akauliza, "Hii imepitishwa na nani?" Hakuiwasha. Miaka ishirini na sita sasa, na hakuiwasha! Basi nisomeni mkijua hilo.

Waya wenyewe ni nini? Umeme ukipita kwenye kitu chochote hukutana na kizuizi. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, nacho hupimwa kwa om. Ili mita zote za nchi zikubaliane om moja ni kiasi gani, lazima kiwepo kitu kimoja cha kulinganishia. Watu wa Mizania walipewa chao siku walipopata bendera: waya mtupu uliozungushwa kwenye kigae cheupe. Kila baada ya miaka miwili husafirishwa ng'ambo kupimwa, ukarudi na cheti. Mita za serikali hulinganishwa na Waya, za mikoa hulinganishwa na za serikali, za viwanda na za mikoa, hivyo hivyo mpaka kwa fundi wa uchochoroni.

Hadi hapo sina ugomvi nao. Ila wao wamezigeuza ngazi hizo kuwa nasaba. Wanaamkiana kwa namba. "Wewe wa ngapi?" "Wa nne." "Shikamoo, mimi wa sita." Nilimwona babu wa miaka themanini, wa nane kutoka kwa Waya, akimwamkia karani mwenye chunusi kwa sababu karani yule anafanya kazi mlango wa pili kutoka kwenye sanduku la fedha. Posa zinarudishwa kwa namba. Mimi nilipoulizwa nikasema sina, na mama mwenye nyumba ya wageni akanishika bega kwa huruma.

"Pole, kaka yangu. Huna hata ya kuazima?"

"Sina, mama."

"Basi usijali. Mgeni asiye na namba ana haki ya kuuliza swali moja mbele ya Baraza. Moja tu. Wengi huuliza choo kiko wapi."

Nikaenda kuitazama Nyumba ya Waya. Juu ya mlango wamechonga sheria yao kuu: KINACHOTOFAUTIANA NA WAYA NDICHO KILICHOKOSEA. Ndani, ukutani, vyeti kumi na vitano vya ng'ambo vimewekwa kwenye fremu za dhahabu. Kila kimoja kina mhuri mwekundu wenye utepe mpana, na utepe umelazwa juu ya mistari ya mwisho. Nikamuuliza bawabu mistari ile inasema nini.

"Namba tu hizo," akanijibu. "Sheria inaruhusu kusoma mhuri."

"Na namba?"

"Namba ni siri ya Waya na daktari wake. Wewe ungependa uzito wako ubandikwe ukutani?"

Tukiwa tunazungumza, sherehe ya makaribisho ikaanza. Akatoka Mzee Mandoa, Mpangusaji wa Taifa, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikasimama kama karatasi. Alikuwa na kitambaa cha pamba na bakuli la majivu ya vifuu yaliyochanganywa na mchanga laini. Watu wakaimba. Mzee akaupangusa Waya, mzunguko mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa mapenzi, ndimi za wanakwaya zikikauka, mpaka ukametameta kama pete ya harusi. Kila Ijumaa hufanya hivyo, na kila sikukuu, na kila unaporudi safari. Nilikuwa naangalia tu. Sikuwa nimeelewa bado nilichokuwa nakiangalia.

Nje, kwenye ubao wa matangazo, palikuwa na karatasi mpya: *Ijumaa saa nane mchana. Kuvunjwa kwa koili mia nne za karakana ya Bi Sikudhani, kwa kosa la upungufu. Wote mnakaribishwa.*

Tangazo la kuvunjwa kwa kazi ya mtu siwezi kulipita. Nikauliza njia, nikaenda.

Bi Sikudhani ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye alama za moto wa kulehemu kwenye vidole vyote kumi. Hakuacha kazi nilipoingia.

"Wewe ndiye mgeni asiye na namba?"

"Ndiye mimi, dada."

"Karibu. Mimi wa saba, na Ijumaa nitakuwa kama wewe. Shika hapa, nikate."

Nikashika, akakata. Kisha akanieleza. Koili zake si mapambo. Ni koili za kupimia joto ndani ya masanduku ya watoto njiti kule hospitali. Joto likipanda, ukinzani wa koili unapanda, na sanduku linajua lipunguze moto au liongeze. Masanduku yenyewe yalitoka ng'ambo yamefungwa, hayaujui Waya wala hayajawahi kuuamkia. Koili peke yake ndiyo inayosukwa Mizania.

"Koili ikimpendeza Mheshimiwa Waya," akasema, "inaliambia sanduku uongo. Sanduku linadhani ndani kuna digrii thelathini na saba, kumbe ni thelathini na sita. Digrii moja, kaka. Kwangu na kwako si kitu, tunavaa sweta. Kwa mtoto wa kilo moja na robo?"

"Wauguzi hawajui?"

"Wanajua kwa mashavu yao! Wanalaza shavu pale, wanasikia baridi. Wanawatoa watoto kwa siri na kuwafunga kifuani kwa khanga. Wakikamatwa wanatozwa faini ya kubishana na mita. Mimi nikasuka koili za kweli, mia nne, za hospitali zote. Nikazipeleka zipitishwe. Zikalinganishwa na Waya, zikaonekana pungufu, nne katika elfu. Sheria unaijua. Umeisoma mlangoni."

"Na wewe ulijuaje kwamba za kweli ni zako, si Waya?"

Hapo ndipo alipoweka chini koleo. Akanipeleka chumba cha nyuma, kwenye pipa kubwa la chuma linalopumua ukungu.

Jamani, nimeona mengi, lakini lile nitazikwa nalo. Humo ndani, kwenye baridi isiyopatikana kilele cha mlima wowote, katikati ya sumaku, kulikuwa na kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Alikitengeneza mwenyewe. Alichukua fuwele safi ya kitu kilekile kinachotumika kutengenezea mawe ya kunolea visu, akaichoma kwenye tanuru mpaka silikoni iliyomo ikapaa kama mvuke, na juu ikabaki kaboni. Kaboni ileile ya masizi ya sufuria na ya penseli ya shule, ila hapa imejipanga utando mmoja, unene wa atomu moja tu, kama mkeka usio na upande wa pili. Wenye kazi yao huuita grafini.

"Uweke kwenye baridi," akasema, "uweke sumaku, upitishe umeme. Ukinzani wake unatoa namba moja. Tazama."

Nikatazama: elfu kumi na mbili, mia tisa na sita, nukta nne sifuri tatu saba, kwa om.

"Sasa zungusha sumaku. Ongeza kidogo. Usiogope."

Nikaongeza. Namba haikusogea. Nikapunguza. Haikusogea. Mimi nimezoea mita zinazotetemeka kama mwizi mbele ya hakimu. Hii ilikaa.

"Nani ameiweka namba hiyo?"

"Hakuna. Haijawekwa. Ndivyo elektroni zinavyojipanga. Kata kipande kinene, kata chembamba, kitengeneze hapa, kitengeneze kwenu, kitengeneze kwa hao wa ng'ambo, namba ni hiyohiyo. Haina mama, haina mkubwa. Sikwenda kuomba kwa mtu."

Nikamwambia nilichokuwa nimekifikiria tangu nilipoona zile fremu. Namba zilizofunikwa na utepe lazima zinasema kosa la Waya. Swali langu moja nitalitumia kudai utepe ufunuliwe, na Baraza litaona aibu.

Akanigeukia kwa hasira niliyoipenda papo hapo.

"Usithubutu. Nimekaa na kitu hiki miaka tisa. Nikishinda kwa karatasi ya ng'ambo, wataandika kwamba ng'ambo imesema. Kesho mwingine atatengeneza kitu na ataambiwa asubiri karatasi. Kama kitu changu hakiwezi kusimama peke yake mbele ya wale watu, acha wavunje."

"Hata koili? Hata watoto?"

"Kitasimama," akasema.

Ijumaa saa nane Baraza la Nasaba ya Vipimo likakutana ndani ya Nyumba ya Waya. Ukumbi ulijaa. Mbele, juu ya kitambaa cha kijani, Waya kwenye sanduku lake, na pembeni yake nyundo ya dhahabu. Makreti ya koili yamepangwa sakafuni. Wauguzi walikuja wamevaa sare, wakakaa safu ya nyuma kabisa, maana wote ni wa tisa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mfaume, Mlinzi wa Waya, wa kwanza kutoka kwa Waya na mtu aliyekuwa na uhakika wa kila kitu isipokuwa umeme.

"Bi Sikudhani," akaanza, "umeleta kipimo. Kipimo hiki ni mtoto wa nani?"

"Si mtoto wa mtu, Mheshimiwa."

Minong'ono. Karani akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Kimelinganishwa na nini?"

"Hakihitaji kulinganishwa. Chenyewe ndicho kinacholinganishiwa."

"Kimetengenezwa kwa nini?"

"Kaboni."

"Kaboni ndiyo nini kwa lugha ya watu?"

"Masizi, Mheshimiwa. Yaliyopangika vizuri."

Ukumbi ukalipuka. Mjumbe mmoja mnene akasimama, machozi ya kicheko yakimtoka. "Masizi! Waheshimiwa, mke wangu ana maabara jikoni na hakuwahi kuniambia!" Mwingine akasema, "Leo masizi, kesho atatuletea ukoko wa wali." Mimi nilikuwa nimeuma ulimi. Akilini nilimwona tena yule ofisa wa tai, na kalamu yake. Bi Sikudhani alikuwa anavuta kebo.

"Wamalize kucheka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Pipa linapoa."

Aliomba jambo moja tu, kulinganisha vitu viwili mbele yao, na kwa kuwa sheria haikulikataza, wakamruhusu. Alileta vipande viwili, vyote ndani ya pipa lake. Cha kwanza chake. Cha pili kilitengenezwa Nyangoro, kule milimani, siku nne za safari, na walimu watatu wa sekondari ambao hajawahi kuonana nao, wameandikiana barua tu. Tanuru lingine, fuwele nyingine, mikono mingine. Akaviunganisha na mizani ya umeme yenye mshale mmoja. Kama vipande vinatofautiana hata kidogo sana, mshale utakwenda kushoto au kulia. Vikiwa sawa, utakaa kwenye sifuri.

Akawasha.

Mshale ukakaa kwenye sifuri.

Tukangoja. Wauguzi kule nyuma walisimama kwenye viti. Mshale haukufanya kitu. Sijawahi kuona kutofanya kitu kukiwa kuzuri namna ile.

Mheshimiwa Mfaume akainama, akaugonga mgongo wa mizani kwa vidole. "Imeharibika," akatangaza. "Haisogei."

"Haisogei kwa sababu vinakubaliana, Mheshimiwa."

"Mizani yetu husogea daima! Katika utumishi wangu wote sijaona mizani isiyosogea."

"Hilo naliamini," akasema Bi Sikudhani, na safu ya nyuma ikacheka kwa mara ya kwanza.

Akaomba Waya uunganishwe mahali pa kipande cha pili. Akapanga mizani kufuata thamani ambayo Waya wenyewe unadai kuwa nayo. Mzee Mandoa akauleta kwa mikono miwili, akiwa amevaa glovu. Bi Sikudhani akawasha, na mshale ukaruka mpaka mwisho na kugonga kioo, tik.

"Sasa inafanya kazi!" akasema Mheshimiwa Mfaume.

Kisha akaona watu wanavyomtazama, akajikaza. "Vipande hivi viwili vimekula njama," akasema. "Waya haujawahi kubadilika. Ni uleule tuliopewa. Karani, andika: masizi yamekosea. Nyundo."

Akainua nyundo. Kreti la kwanza lilikuwa miguuni pake. Bi Sikudhani hakusogea, lakini niliona mkono wake umeshika ukingo wa meza mpaka alama za moto zikawa nyeupe.

Nikanyoosha mkono. "Mgeni asiye na namba. Swali langu."

"Choo kiko kulia," akasema Mheshimiwa.

"Sitaki choo. Nataka kumuuliza Mzee Mandoa." Fremu zilikuwa juu ya kichwa changu, utepe mwekundu unaning'inia, na Mungu anajua nilivyotamani kuuvuta. Sikuuvuta. "Shikamoo, mzee. Waya huu, siku ya kwanza ulipoushika, ulikuwa mnene kama leo?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza mzee yule kitu. Uso wake ukafunguka.

"Ah! Leo? Leo umekuwa mwembamba, umependeza. Siku zile ulikuwa umejaa, mgeni wangu, mnene, una ukungu. Mimi nimeupangusa miaka thelathini na moja. Sijakosa Ijumaa hata moja, hata siku niliyomzika mke wangu. Na sijatupa hata kitambaa kimoja." Akageuka kwa fahari. "Ninavyo vyote stoo. Nivilete?"

Hakungoja ruhusa, akavileta. Mifuko kumi na miwili ya gunia. Akavitandaza vya mfuko mmoja juu ya kitambaa cha kijani, na kila kitambaa kilikuwa na vumbi la rangi ya shaba, laini, linang'aa. Vumbi la Waya. Nchi ile ilikuwa imeupenda Waya wake mpaka ikauramba, na Waya uliokonda hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko mnene. Hilo hata mtoto anayenyonya juisi kwa mrija analijua.

Mzee Mandoa akatutazama mmoja mmoja, na nikaona anaanza kuelewa.

"Nimefanya vibaya?" akauliza.

Bi Sikudhani ndiye aliyemwendea. Akamshika mkono, ule wenye glovu. "Hapana, babu. Ulipewa kazi ya kuheshimu, ukaifanya. Waliotakiwa kupima hawakupima."

Nyundo ilikuwa bado juu. Muuguzi mmoja, Tausi, wa tisa kutoka kwa Waya, akapita katikati ya ukumbi mzima bila kumwamkia mtu, akainama, akabeba kreti la kwanza kichwani, akatoka nalo. Wa pili akafuata. Hakuna aliyepiga kura. Mpaka Mheshimiwa anashusha nyundo, hapakuwa na cha kuvunja.

Karani mwenye chunusi ndiye aliyepanda kiti na kuinua utepe wa cheti cha mwisho. Akasoma kimoyomoyo, akainua wa cheti kilichokitangulia, na mwingine, na mwingine, uso ukimbadilika. Kumi na tano. Ng'ambo walikuwa wamewaandikia kosa lile kila safari, likizidi kukua. Akamwita Bi Sikudhani aje aone jinsi kosa lililoandikwa chini ya utepe wa mwisho linavyolingana na lile la nne katika elfu alilolipata yeye. Bi Sikudhani hakugeuza kichwa.

"Waambie ng'ambo wamepatia," akasema, akaendelea kukunja kebo.

Kesho yake Baraza lilitoa tamko kwamba grafini ni Kipimo cha Taifa na daima kilikuwa hivyo. Jioni wakamtuma Mzee Mandoa karakanani, amepiga pasi kanzu, kitambaa na bakuli la majivu mikononi, kuja kukipangusa. Alisimama mbele ya pipa kwa aibu.

"Babu," Bi Sikudhani akamwambia, "hiki kina unene wa atomu moja. Ukikipangusa mara moja, hakuna kitakachobaki."

"Sasa tutakiheshimu vipi, mwanangu?"

"Mtakitumia."

Akafikiri. Akaweka bakuli chini, akavua glovu. "Basi nipe kazi nyingine," akasema, na tulipoondoka kwenda hospitali tulimwacha anajifunza kusuka.

Hospitali, Tausi alifungua sanduku moja lililokwisha kufungwa koili mpya, akalaza shavu lake ndani, kando ya kitu chekundu kilichokuwa kinapumua haraka haraka. Mita ilisema thelathini na saba. Tulisubiri shavu liseme. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akafunga mlango mdogo, akaikunja khanga yake na kuiweka mkobani.

Mpakani, ofisa alikuwa amerudi kazini. Akafungua daftari lake.

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikasema.

Akainua macho. "Wa kwanza kutoka kwa nani?"

"Kwa masizi. Na wewe pia, ndugu yangu. Hujaambiwa tu."

Alishika kalamu hewani muda mrefu. Halafu akaandika.

Stabilaiza yangu ninayo bado, chini ya kitanda, imefungwa kwenye gunia. Naipeleka Jumatatu. Yule wa tai amekuwa mkubwa sasa, ana ofisi yenye zulia. Nitaiweka juu ya meza yake, nitatafuta soketi mwenyewe, na safari hii nitaiwasha mimi.